Kikao cha Alhamisi: homoni na jeni katika njia ya uzazi ya mwanamume

Ndugu wanakikundi, habari za leo.

Kikao chetu cha kujisomea kimehamishwa kutoka Jumatano hadi Alhamisi, saa 11:00 jioni, kwa njia ya video.

Tutajadili namna testosteroni (homoni kuu ya kiume), ambayo sehemu yake hubadilishwa kuwa dihidrotestosteroni (homoni yenye nguvu zaidi) ndani ya tezi dume na epididimisi (mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ambamo mbegu za kiume hukomaa na kuhifadhiwa), inavyoshikana na kipokezi chake (protini ya seli inayoipokea homoni), nacho kikaingia katika kiini cha seli na kuwasha au kuzima jeni. Muda mwingi tuutumie kwenye epididimisi, kwa sababu (na hapa ndipo wengi wetu hukwama) baadhi ya jeni za sehemu yake ya mwanzo hazirejei kufanya kazi kikamilifu hata mnyama aliyeondolewa korodani akipewa testosteroni. Zinahitaji pia viambata vinavyoletwa na majimaji ya korodani.

Naomba:
1. Kila mmoja apitie somo la vipokezi vya homoni.
2. Wawili wajitolee kuandaa mchoro wa kichwa, mwili na mkia wa epididimisi.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Jumanne usiku. Watakaopata udhuru watutumie maswali yao mapema.

Asanteni sana.
Mratibu