Mheshimiwa, mashujaa wetu watajwe na kazi zao

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya,

Shikamoo, na pole kwa majukumu.

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, viongozi wa dini huomba dua, watu hutawanyika. Sina neno juu ya heshima hiyo. Ninaloomba ni dogo: mashujaa wa mkoa huu wanapotajwa, isemwe pia walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya kuvaa gwanda.

Baba yangu mdogo, mzaliwa wa Rungwe, alikuwa mhandisi wa umeme. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973 aliingia na kundi la kwanza, wakahitimu 1977. Akapangiwa Kidatu, ambako mitambo ilikuwa imeanza kuzalisha umeme miaka miwili tu nyuma. Kila akija likizo aliwatania nyumbani (bibi hakuchoka kulisimulia hili) kwamba Ruaha Mkuu unapata maji yake kwetu huku Usangu, kwa hiyo taa za Dar es Salaam zinawashwa na Mbeya, wakati wao wanasomea koroboi.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mgambo wakaitwa, naye akaenda. Nchi ilikuwa na wahandisi wachache mno, na mmoja wao akashika bunduki. Simlaumu mtu, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyeomba. Machi 1979, kwenye barabara inayokatiza kinamasi cha Lukaya, ndani ya Uganda, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilikutana na askari wa Amin wakisaidiwa na Walibya. Hakurudi. Mwezi uliofuata wenzake waliingia Jinja, wakalikuta bwawa la Owen Falls halijabomolewa. Bwawa lile ndilo lililoipa Uganda umeme, na Kenya ikinunua. Hapo ndipo roho huniuma zaidi, maana katika jeshi zima sidhani kama walikuwepo wengi ambao wangeitazama ile mitambo kwa macho kama yake.

Sidai sanamu wala barabara yenye jina lake. Tena hakuwa peke yake: mgambo walikuwa walimu, mafundi, makarani, wakulima wa kahawa. Ofisi yako inaweza kuwaagiza watendaji wa kata wazipitie familia, waandike jina, kijiji na kazi ya kila aliyekufa kabla wazee wanaojua hawajatutoka. Nakala moja ikae maktaba ya mkoa, nyingine Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya, ambako vijana wanasomea umeme bila kulazimika kwenda Dar es Salaam kama yeye.

Cheti chake na daftari mbili za hesabu za transfoma ninazo. Nikiitwa, nitazileta ofisini.

Wako mtiifu,
Mwana wa kaka yake, Tukuyu