Fundi, hifadhi kazi yako kabla hujafunga kabati

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita niliitwa asubuhi na mapema kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini Tanga. Nikapanda baiskeli kutoka Ngamiani na mkoba wangu wa vifaa. Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, na tangu uliporudi kompyuta ya mapokezi haikuweza kuvuta faili la mgonjwa hata mmoja. Maabara walikuwa wanaandika majibu kwenye vipande vya karatasi na kumtuma mhudumu ayapeleke kwa daktari. Mabenchi yalijaa, watoto wanalia.

Pale wote walikwisha kuamua kwamba umeme umeunguza swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote za kituo. Bei ya mpya ilikuwa imeshaulizwa kwa simu. Nikaomba dakika kumi. Nilichomeka kebo ya konsoli, ile ya fundi kuzungumza na swichi moja kwa moja, kwenye laptopu yangu, nikachomoa swichi kwenye umeme na kuichomeka tena, niione inavyoamka tangu mwanzo.

Ilikuwa Cisco Catalyst 2960. Swichi ya namna hiyo ikipata umeme huwa haijui lolote ila kile kilichomo kwenye romu, kumbukumbu isiyofutika hata umeme ukiondoka. Humo mna kiprogramu cha kuiamsha. Kwanza hujipima, na wakati wa kupima taa ya SYST hupepesa kijani. Ikigeuka rangi ya chungwa, ujue kuna kitu kimefeli. Ile ilipepesa, ikatulia kijani. Kumbe haijaungua! Kisha kiprogramu kikafungua kumbukumbu ya flashi, ndugu yake zile flashi tunazochomeka kwenye kompyuta, kikachukua humo mfumo endeshi uitwao IOS na kuupakia kwenye ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi ambayo hufutika umeme ukiondoka. Kwenye skrini yangu alama za @ zikawa zinajipanga mstari baada ya mstari. Hadi hapo kila kitu kizima.

Sasa IOS ikatafuta mipangilio iliyohifadhiwa, ambayo kwenye 2960 ni faili la config.text humo humo kwenye flashi. Halikuwepo. Skrini ikaniuliza kama nataka kuanza kuipanga, swali ambalo swichi huuliza ikiwa tupu kama iliyotoka dukani leo, wakati ile ilikuwa imehudumia wagonjwa kwa miezi mingi.

Nilipotazama orodha ya VLAN, yaani makundi yanayotenganisha milango ya kuchomeka kebo kana kwamba ni mitandao mbalimbali, nilisikitika zaidi. Majina yalikuwepo: MAPOKEZI, MAABARA, DAWA. Hayo huingia yenyewe kwenye faili jingine la flashi, vlan.dat, ndiyo maana yalipona. Lakini milango yote 24 ilikuwa imerudi VLAN namba 1, na njia ya kwenda kwenye rauta, kifaa kinachounganisha makundi hayo, imesahaulika. Fundi mwenzangu aliandika mipangilio yote kwa usahihi, ila aliiacha kwenye ramu. Na ramu ni sawa na muuza duka anayeshika mikopo ya siku nzima kichwani bila kuiandika kwenye daftari. Akilala, asubuhi hana la kumdai mtu.

Si kila kinachofutika umeme ukikatika ni cha kulilia. Jedwali la anwani za MAC, linaloonyesha kompyuta ipi iko mlango upi, nalo hufutika, lakini swichi hulijenga upya yenyewe mara kompyuta zinapoanza kuzungumza. Mipangilio haijijengi. Inataka amri moja tu, write memory, ambayo wengi wetu tunaifupisha wr. Ukiiwasha swichi upya kwa amri ya reload na hujahifadhi, inakuuliza kwanza kama uhifadhi. Umeme wa Tanga haumuulizi mtu.

Huyo fundi simjui wala sitaki kumjua. Najua alilipwa. Na nawaona vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi: wanaandika amri kwa kasi hata mimi siwapati, wakiona ping, kile kipimo cha kuona kama kompyuta moja inaifikia nyingine, imejibu wanashangilia na kufunga laptopu. Tumewafundisha kwamba mtandao ukipita kazi imekwisha. Hapo tumewakosea, na walioumia asubuhi ile ni wagonjwa.

Mimi ilinichukua hadi saa saba mchana, kwa sababu hapakuwa na nakala ya mipangilio wala karatasi inayoonyesha kebo ipi inakwenda chumba gani. Nilifuata kebo 19 moja moja kwa mkono, ukutani na juu ya dari, muuguzi akinishikia tochi. Nilipomaliza nikaandika wr, nikashika plagi kuichomoa. Mganga mfawidhi akanidaka mkono: "Dada, si imeshakubali? Unaizima ya nini tena?"

Nikamwambia kama itakufa, ife mimi nikiwa hapa. Nikachomoa, nikachomeka tena. Dakika kadhaa zikapita, yeye kasimama kimya anatazama ile taa. Ilipotulia kijani akaenda mwenyewe mapokezi, akavuta faili la mgonjwa, likaja.

Ndilo ninaloliomba kwa kila anayelipia kazi ya mtandao Tanga, iwe shule, zahanati, duka au msikiti: usitoe malipo ya mwisho mpaka fundi azime swichi mbele yako na kuiwasha, na kila kompyuta ifanye kazi kama dakika ile kabla haijazimwa. Huhitaji kujua Kiingereza wala amri hata moja kusimamia hilo. Kisha mdai nakala ya mipangilio pamoja na nywila, vikae kwako. Vya kituo kile viko kwenye flashi ndani ya bahasha, imeandikwa tarehe, kwenye droo ya mganga mfawidhi.

Fundi wa mitandao,
Ngamiani, Tanga