Mama, waambie hivi hapo dukani

Bonn, Ujerumani

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, hofu ni kwenu tu. Ada ya mdogo wangu nimeshatuma. Baridi siisemi, mnaisikia kwenye kila simu.

Unasema wenzako hapo Mtaa wa Kongo wakikuuliza mwanao anasomea nini, unajibu "hesabu" halafu unakosa la kuongeza. Jina lake ni topolojia, hesabu ya yale yanayobaki kwenye umbo hata ukilinyoosha au kulipinda bila kulichana, na wauza vitenge wataielewa upesi kuliko Baba.

Fungua jora la kile kitenge cha ndege. Msitari wa juu ndege wametazama kulia, wa chini yake kushoto, wa tatu kulia tena. Chukulia kitambaa hakina pindo, kinakwenda pande zote bila kikomo. Ukikisogeza kulia kwa ndege mmoja, hakuna atakayejua. Ukikiteremsha msitari mmoja huku ukikipindua kushoto-kulia, vilevile. Miendo yote ya namna hiyo kwa pamoja tunaiita kundi: ukifuatanisha miwili unapata mwingine uliomo humohumo, na kila mmoja una wa kuutengua. Mrusi Fedorov alithibitisha mwaka 1891 kwamba kwa michoro inayojirudia hivyo, aina za makundi ni 17 tu. Viwanda vibuni vipendavyo, ya 18 haipo.

Sasa, kama ndege wote ni yuleyule, kitambaa kizima kimo katika kipande kimoja. Kata hicho kipande, unga kingo zinazolingana. Kitenge cha kusogea tu bila kupinduka hukupa torasi, pete nene yenye tundu. Hiki cha ndege hukupa chupa ya Klein, uso usio na ndani wala nje, na hiyo haishoneki katika dunia yetu bila kitambaa kujipenya chenyewe. Fundi asikudanganye.

Ninalolipenda zaidi ni la Bing, mwanahisabati Mmarekani, mwaka 1952. Kioo cha kawaida hubadilishana pande mbili, na kisichosogea ni uso wake ulionyooka. Yeye alipata mgeuzo wa nafasi ya vipimo vitatu (ukiiongezea nukta moja ya mbali kabisa), ukiurudia mara mbili kila kitu kinarudi mahali pake, lakini kisichosogea ni tufe lenye pembe zinazogawanyika na kukaribia kunasana bila kikomo. Hakuna aina yoyote ya kunyoosha itakayokifanya kioo hicho kuwa cha kawaida.

Nina ombi: ukikuta kitenge ambacho mchoro wake ukizungushwa theluthi ya duara unabaki uleule, nipigie picha unitumie WhatsApp, nitakitumia kufundishia. Baba mpe shikamoo yake.

Mwanao