Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaacha Kazi, Soma Daftari Hili

Mji Mkongwe, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Magoti ya bibi yako yanamsumbua kidogo tangu mvua zianze, lakini bado anashuka ngazi mwenyewe na bado anakataa kushikwa mkono. Ujumbe wako niliusikiliza mara tatu, nikaona si wa kujibiwa kwa simu, kwa sababu kwenye simu wewe hunishinda kwa maneno, na mimi hukubali upesi ili nisikie umecheka. Unasema umechoka kufanya hesabu za watu wengine, unataka kuacha kazi huko Dar es Salaam urudi nyumbani tuendeshe pamoja duka letu la madaftari ya jalada la kanga, na wewe uandike vitabu kama ninavyoandika mimi. Basi pamoja na barua hii nimekufungia daftari langu la hesabu, na ninakuomba ulisome kabla hujampelekea mkubwa wako karatasi yoyote.

Daftari lenyewe utalitambua kwa jalada lake. Ni ile kanga ya "Japo sipati tamaa sikati" niliyoikata vibaya, jina likabaki "Japo sipati" peke yake. Hakuna mteja aliyelichukua, na kwa kweli nisingependa kumuuzia mtu daftari linalomtabiria ukosefu. Nikalifanya la hesabu, na naona limeafiki.

Wateja wakiniuliza duka lilianza vipi, huwaambia kwamba nilipenda kazi za mikono tangu utotoni. Hayo si ya kweli, na wewe ni shahidi, ingawa ulikuwa na miaka tisa tu. Mwaka 2013 nilikuwa na kile kitabu changu cha kwanza, cha kima punju wa msitu wa Jozani anayeiba makaa jikoni kwa watu. (Hilo la makaa sikulibuni. Kima punju wa pale huyala kweli, na wataalamu wanaona kwamba humsaidia kuondoa sumu ya majani ya miembe na mikungu anayoyapenda.) Waandishi wa rika langu walilelewa na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, ambao ulikuwa ukinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka skuli, lakini mimi nilichelewa kuamka. Wachapishaji wawili niliowaendea walinipokea vizuri, wakanipa na chai, kisha wakanieleza kwamba kinachouzika ni kitabu cha kiada kwa sababu mnunuzi wake anajulikana, na kima punju hamo kwenye muhtasari wa darasa lolote. Nikauza bangili zangu mbili, nikaomba maktaba namba ya ISBN ya kukitambulisha kitabu, ile inayoanza na 978-9987, nikalipa shilingi 2,900,000 kwa nakala 1,000 za kurasa 32, nikasubiri boti.

Maboksi yalipofika nilifungua la kwanza nikaona kitabu kizuri, nikalia kidogo. Boksi la nne ndilo lililonikausha machozi. Kitabu cha kurasa 32 cha kupigwa pini katikati huwa ni karatasi kubwa mbili zilizokunjwa, kila moja kurasa 16, na moja huingizwa ndani ya mwenzake. Ile ya ndani, yenye kurasa za 9 hadi 24, ilikuwa imeingizwa kichwa chini miguu juu. Mtoto angesoma hadi kima anakaribia jiko, kisha angelazimika kukigeuza kitabu, na makaa yangeibwa na mnyama anayening'inia kama popo. Tulizihesabu zote usiku ule, zikawa nakala 312. Kiwanda kilichochapa kilinijibu kwamba nilitia saini nakala ya majaribio. Saini ilikuwa yangu kweli. Nililetewa karatasi zikiwa bapa, nikasoma maneno herufi kwa herufi, ila sikuwaambia wazikunje na kuzipachika mbele yangu. Tangu siku hiyo sitii saini kitu ambacho hakijakunjwa, na wewe ukichapisha usije ukatia.

Unakumbuka tulivyotandika mkeka? Kazi yako ilikuwa kuinua pini kwa kile kisu butu cha siagi, bibi yako anaigeuza karatasi ya ndani na kuisawazisha kwa kucha, nami natoboa matundu matatu kwa shazia na kushona kwa uzi niliokwisha kuupaka nta ya nyuki ili usichane karatasi. Sindano huingia kwa tundu la kati, hutokea juu, huruka hadi chini, hurudi kati, na fundo hufungwa ndani ambako jicho haliendi. Usiku wa kwanza tulimaliza nakala tisa. Usiku wa pili ulijikata kidole cha shahada, nikataka kuacha yote, bibi yako akasema damu imekwisha kumwagika, sasa kitabu lazima kiuzwe. Tulishona kwa usiku 19. Nakala zile za uzi ndizo zilizoisha kwanza, kwa sababu mtu akikishika kitabu na kuona uzi mwekundu mgongoni huuliza, na akishauliza, nusu ya biashara imekwisha kufanyika. Madaftari ya jalada la kanga yalitoka hapo, na duka likatoka kwenye madaftari. Kofia, mikoba ya ukili (ile mikanda ya ukindu iliyosukwa) na sabuni za mwani zilikuja baadaye kujaza rafu.

Sasa fungua ukurasa wa mwezi wa Agosti mwaka jana. Daftari moja hunigharimu shilingi 3,050: karatasi 1,500, kipande cha kanga 750, kadibodi 500, na uzi pamoja na gundi ya unga wa muhogo 300. Huliuza kwa 15,000. Macho yako ya mhasibu yameshaona faida ya 11,950, na Agosti niliuza madaftari 74, kwa hiyo 884,300. Ongeza vitabu 31 vilivyonipa 5,800 kila kimoja, yaani 179,800, na 540,000 za vitu vingine, utapata 1,604,100. Ukitoa kodi ya duka ya 450,000 unabaki na 1,154,100, ambazo najua ni zaidi ya unazolipwa wewe. Ukurasa huu ndio ninaowaonyesha shangazi zako.

Wa Aprili huwa siwaonyeshi. Masika yalikuwa yameshika, vichochoro vimejaa maji, mahoteli mengine yamefunga ili kupaka rangi. Niliuza madaftari 11, vitabu vinne, na vitu vingine vilinipa faida ya 62,000. Jumla ni 216,650, na kodi ni ile ile 450,000, maana mwenye nyumba huidai kwa miezi sita kwa pamoja na haulizi mvua. Umeme, leseni ya biashara na malipo ya Mamlaka ya Mapato sijaviweka. Faida ya Agosti, mwanangu, ni ya Aprili iliyotangulia na ya Aprili inayokuja.

Kisha tazama pambizoni, nilipoandika kwa penseli "saa". Nilianza mwaka jana tu, na ninaona haya kwamba nilichelewa. Daftari moja hunichukua saa mbili na dakika 40, bila kuhesabu usiku linapolala chini ya mawe kukauka. Madaftari 74 ni zaidi ya saa 197 ndani ya mwezi mmoja, mbali na kukaa dukani, kufagia, kufunga zawadi na kumsikiliza mgeni anayetaka kupunguziwa bei kwa sababu kule mbele kuna cha rahisi zaidi. Kule mbele kipo kweli, kimetoka kiwandani, na simlaumu anayekinunua.

Aliyenifundisha kuandika saa ni bibi mmoja wa Makunduchi anayeniletea ukili. Siku moja alikuja na pima 20, amezikunja vizuri, za rangi ya zambarau na ukindu mweupe, nikambana kwa bei hadi akashusha, akapokea pesa bila kusema neno. Jioni nikapata wazo la kijinga la kujaribu mwenyewe ili nipunguze gharama. Nilirowesha ukindu, kwa sababu ukikauka huvunjika mkononi, nikasuka kuanzia magharibi hadi nilipoitwa kula, nikapima kwa mikono: haikufika nusu pima, na ukingo wake ulipinda kama mkia wa mjusi. Alipokuja tena nilimwonyesha. Aliucheka ule ukili mpaka akajifuta macho kwa kanga, kisha akataja bei yake ya zamani, nami nikailipa. Hesabu yake utaiona ukurasa unaofuata, na utaona kwamba faida yangu ya mikoba ilishuka mwezi ule ule. Sijairudisha.

Kuhusu vitabu nitasema machache, kwa sababu ndivyo vinavyoniuma. Kitabu nikikiuza mwenyewe hapa kwa 10,000 napata hizo 5,800. Nikikipeleka duka la vitabu hukipokea mali kauli, yaani hulipa kikishauzwa, huchukua asilimia 40, nami hubaki na 1,800 baada ya kutoa gharama ya uchapaji, na hata hizo huzifuata kwa miguu miezi mitatu. Duka moja lilifunga milango likiwa na nakala zangu 60, na kufuli ndilo lililonipa habari. Lakini pesa si jambo kubwa hapa. Jambo kubwa ni kwamba nilifungua duka ili lilishe vitabu, na kwa miaka sita iliyopita limekula wakati wa vitabu vyote isipokuwa kimoja. Huamka kabla ya adhana, husali, huandika hadi saa moja na nusu, na asubuhi nyingi kalamu inapoanza kuchangamka ndipo nakumbuka kwamba gundi haijachemshwa. Ukurasa wa tarehe 14 Julai utakuta, kati ya "nta 3,000" na "mifuko ya karatasi 8,500", sentensi nzima ya mzee mvuvi anayezungumza na dau lake. Ilinijia mteja akiwa amesimama mbele yangu. Sijapata kuiendeleza.

Nisikutie hofu kupita kiasi. Mwaka 2020 wageni walipokatika ghafla nilidhani tumekwisha, kumbe waliotubeba ni wa hapa hapa: zawadi za harusi, za Idd, za mtoto aliyehitimu Kurani, na jamaa walioko Muscat waliotuma pesa ili tupeleke vitu kwa wazee wao hapa mjini. Mgeni hununua mara moja, jirani hununua kila harusi, na tangu hapo mimi hupanga rafu ya mbele kwa ajili ya jirani. Ila jirani husoma. Mgeni hufurahia rangi za kanga, lakini wa hapa atasoma jina kwanza, na ukimpa mama wa bwana harusi jina la kijembe, utajua maana ya kurudishiwa mzigo mbele ya watu. Kwa hiyo kanga zote huzisoma mwenyewe kabla ya kuzikata, na kazi hiyo sitamwachia mtu, hata wewe.

Jambo jingine, kwa kuwa hatulizungumzi. Kwa sheria zetu, haki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo hao kina kima punju watakuwa wako. Mkataba wa mchoraji, faili za kurasa na barua ya ISBN viko kwenye kasha la bati chini ya kitanda, pamoja na hati ya kiwanja cha Bububu. Usiwape watu faili kwa urafiki.

Rai yangu ni hii. Usiache kazi sasa. Chukua likizo yako Desemba, uje wiki tatu wakati duka limejaa, ushike mauzo na kuhesabu mali yote iliyomo, maana mimi huhesabu kwa macho na najua nakosea. Kisha urudi tena Aprili, hata kwa siku nne, ukae dukani peke yako kutwa nzima mvua inyeshe na asiingie mtu. Ukishaziona pande zote mbili ndipo tukae tuandikiane, mimi na wewe, fungu lako ni lipi na saa zako zinalipwa vipi, kwa maandishi, kwa sababu nimeona ndugu wakigombania duka dogo kuliko hili. Ama kuandika, anza huko huko uliko. Chumba cha kupanga Ilala kinatosha kwa hadithi, na mshahara wa mwisho wa mwezi hauna masika.

Ukija, niletee vidonge viwili vya uzi mwekundu wa katani kutoka Kariakoo, wa hapa siku hizi unakatika. Na daftari nirudishie kwa boti ya Ijumaa, kwani tarehe 1 nina malipo ya bibi wa Makunduchi na hesabu yake imo humo. Kurasa tatu za mwisho ziko tupu. Fanya humo hesabu zako za mwaka ujao, ukijiweka na wewe ndani, lakini tumia penseli.

Mama yako