Niliosha sola saa saba mchana

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wenzangu wenye paneli za sola juu ya paa. Mwezi jana nilipanda ngazi saa saba mchana, jua la utosi, nikakimwagia maji baridi kioo kilichokuwa cha moto. Kikalia ta! Ufa ninao mpaka leo. Na nilichokuwa nafukuza ni kinyesi cha kunguru tu, ingawa nacho hupunguza umeme kweli.

Siku hizi naosha asubuhi mapema, paneli zikiwa bado baridi, nimesimama chini na brashi laini yenye mpini mrefu na maji matupu. Nyuzi za chuma hukwaruza kioo. Tena kuzima swichi hakutoshi: mwanga ukiwapo, paneli ina umeme, hivyo waya uliochubuka usiuguse.

Mstaafu mwenye goti bovu