Barua kwa Somo Yangu Aliyekabidhiwa Wafanyakazi wa Hospitali

Tudor, Mombasa

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, mume wako na watoto katika afya njema. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mola. Mama anakusalimu sana, na hukuulizia kila anaponiona na simu mkononi. Habari ya kuteuliwa kwako kusimamia wafanyakazi wa hospitali huko Kwale niliipata nikiwa kazini. Nilifurahi, kisha nikanyamaza kidogo, kwa sababu naujua uzito wa mzigo waliokutwika. Umekuwa muuguzi kwa miaka mingi na maradhi unayajua. Lakini umeniuliza uanzie wapi katika kazi hii mpya, na nimeona swali hilo si la kujibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu.

Anza na daftari la zamu, somo. Kabla hujafungua faili hata moja wala kuitisha mkutano, nenda wodini saa moja usiku, wakati wa kupokezana zamu, ukawahesabu watu kwa macho yako mwenyewe. Nakwambia hivi kwa sababu mimi sikufanya hivyo, na kosa langu lilichukua miezi kusahihishika. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia wafanyakazi wa hospitali niliandika kwenye ripoti kwamba wodi ya wanaume ina wauguzi 12. Hesabu hiyo niliitoa katika orodha ya mishahara, na orodha haikusema uwongo: watu 12 walikuwa wakilipwa kwa jina la wodi hiyo. Msimamizi wa wodi alipoiona ripoti alikuja ofisini kwangu na daftari lake kubwa lililopigwa mistari kwa rula, akaliweka mezani, akaanza kunionyesha jina baada ya jina kwa ncha ya penseli. Mmoja alikuwa masomoni kwa likizo yenye malipo. Wa pili alikuwa katika likizo ya uzazi, ambayo sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa miezi 3 na ni haki yake kamili, ila hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake. Wa tatu alikuwa amehamishiwa kituo kingine kwa barua, lakini mshahara wake haukuwa umemfuata. Wa nne alikuwa amepelekwa kusaidia kwenye dirisha la bima, maana hapakuwa na karani. Na wa tano alikuwa ameumia mgongo kazini, asiweze tena kumgeuza mgonjwa kitandani. Waliobaki walikuwa 7.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Kila muuguzi akifanya zamu 5 kwa wiki, watu 7 wanakupa zamu 35. Ukiweka wawili asubuhi na wawili jioni kwa siku zote 7 za wiki, umetumia zamu 28, na zinazobaki ni 7, yaani mtu mmoja kila usiku, peke yake, na wagonjwa 30, wengine wakiwa na dripu na mwingine ametoka kupasuliwa jioni ile ile. Na hapo hujamhesabu aliyefiwa, wala mwenye mtoto mwenye homa nyumbani. Tangu siku hiyo sijaandika idadi ya wafanyakazi bila kuweka safu mbili, moja ya wanaolipwa na moja ya waliopo, na nimegombana na wakubwa wangu zaidi ya mara moja walipotaka safu ya pili iondolewe kwa kuwa haipendezi.

Daftari lile lilikuwa limeandikwa kwa penseli, nami nikadhani ni uzembe. Ramadhani iliyofuata ndiyo iliyonifunza. Wauguzi wetu wanaofunga huomba wasipangwe wote kwa pamoja zamu ya jioni, kwa sababu adhana ya magharibi huwakuta katikati ya kugawa dawa. Wenzao Wakristo huwapokea kwa hiari, wakijua kwamba Krismasi na Pasaka nao watapokewa. Kisha hufika mwezi 29 Ramadhani, na hakuna ajuaye kama mwezi utaandama. Msimamizi yule alikuwa amepanga ratiba mbili, moja ikiwa Idd ni kesho na nyingine ikiwa ni kesho kutwa, akakaa na kifutio mkononi hadi tangazo la Kadhi Mkuu lilipotoka, ndipo akafuta majina matano na kuandika mengine matano, akawapigia simu mmoja baada ya mwingine. Yule anayekaa Likoni alimpigia kwanza, maana kwake zamu ya asubuhi huanza kwenye foleni ya feri. Siku utakapoletewa programu ya kompyuta ya kupanga zamu, ipokee kwa mikono miwili, lakini usimwondoe mtu wa namna hii pembeni yake.

Ukishawahesabu watu, waulize wameajiriwa na nani. Hapo utastaajabu. Katika wodi moja, wakiwa na sare moja na kazi moja, utamkuta aliyeajiriwa na wizara zamani na kukabidhiwa kaunti ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na baadhi ya karatasi zake hadi leo hazijulikani ziliko; utamkuta aliyeajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kwa masharti ya kudumu yenye pensheni; na utamkuta aliyeingia mwaka 2020 kwa mkataba wa miaka 3 chini ya mpango wa afya kwa wote, ambaye tangu wakati wa korona alifanya kazi kwa miaka akingoja mkataba urefushwe au ugeuzwe kuwa ajira ya kudumu. Katika kliniki za Ukimwi walikuwapo pia waliolipwa na miradi ya wafadhili, hadi Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 na wengi wao wakapoteza kazi katika muda mfupi sana. Mwenye ajira ya kudumu na mwenye mkataba humnyanyua mgonjwa mmoja kwa pamoja, huyu kichwani na yule miguuni, ilhali mwenye mkataba analipwa pungufu mno kuliko mwenzake. Hali hii hukuitengeneza wewe, wala hutaiondoa peke yako. Lakini ukiijua hutashangaa kwa nini wafanyakazi wawili hodari hawasemezani, wala hutakimbilia kuwaita ofisini kuwapatanisha kama watu waliogombania kiti.

Sasa nikwambie lililo zito kuliko yote kwa maoni yangu, nalo ni barua zisizojibiwa. Mwaka jana nilikwenda mwenyewe masjala kutafuta faili la mama mmoja, muuguzi wa wodi ya wazazi, kwa sababu karani alinirudia mara mbili akisema halionekani. Nililikuta chini ya mafaili ya waliostaafu, jalada la kaki lililovimba na kamba yake imekatika. Ndani yake mlikuwa na barua nne za kuomba kupandishwa daraja, kila moja na muhuri wa kupokelewa, na hakuna jibu hata moja. Kwa kawaida mtumishi hufikiriwa kupandishwa akishatimiza miaka 3 katika daraja lake. Mama huyu alikuwa na miaka 11. Barua ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono mzuri, imejaa heshima na matumaini, na ameorodhesha hata semina alizohudhuria. Ya mwisho ilikuwa na mistari mitatu.

Nilimwita. Alikuja akiwa bado na aproni, akadhani ameshtakiwa. Nilipomwonyesha barua zake alizitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani mmeshanifuta." Sikuwa na cheo cha kumpa, maana wanaopandisha ni bodi, na bodi hupandisha ikiwa bajeti ipo. Nilichoweza ni kumwandikia jibu lenye tarehe na sahihi, linaloeleza ombi lake limefika wapi, limekwama kwa sababu gani, na litaletwa tena lini mbele ya kamati. Barua ile hakuiacha. Aliikunja akaitia mkobani. Ombi lake limo katika orodha iliyopelekwa, na nalifuatilia kila mwezi kama deni, kwa sababu ni deni.

Watu husema wauguzi wetu wanakimbilia Ghuba na Uingereza kwa ajili ya fedha. Fedha ipo, sikatai, na makubaliano ambayo Kenya ilitia sahihi na Uingereza mwaka 2021 yaliufanya mlango huo uwe wa halali na unaojulikana. Lakini mimi ndiye ninayeletewa karatasi za kuthibitisha utumishi wao nizijaze, na kila mmoja namuuliza kwa upole kwa nini anaondoka. Wengi huanza na habari ya barua, au uhamisho ulioombwa ili mtu awe karibu na mumewe, au mwaka mzima wa kukaimu cheo bila posho, na mshahara huja baadaye katika mazungumzo. Kumjibu mtu hakuhitaji bajeti, somo. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote niliyoyaandika.

Utaambiwa uajiri wengine, na waliokwambia hawatakwambia kwa fedha zipi. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshavuka kiwango hicho. Ndiyo maana, ingawa Shirika la Afya Duniani linataja kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, nchi yetu haijafika hapo, na papo hapo vijana waliohitimu wamekaa majumbani na vyeti vyao. Jirani yetu hapa Tudor ni mmoja wao. Alfajiri humpikia mamake mahamri ya kuuza, na leseni yake ya uuguzi imo kabatini. Nikimwona napata uchungu, kwa sababu nikitoka kwake naenda kwenye wodi yenye muuguzi mmoja usiku.

Migomo hutaikwepa. Unakumbuka ule wa madaktari uliokwisha Machi 2017 baada ya siku 100, kisha wauguzi wakafuata mwaka huo huo kwa takriban miezi 5, na wa madaktari wa 2024 uliochukua siku 56. Haki ya kugoma imo katika Katiba, kifungu cha 41, na nakusihi usimtazame aliyegoma kama adui, kwa kuwa kesho utampangia zamu. Mgomo huanza siku nyingi kabla ya ilani ya chama. Mgao wa kaunti ukichelewa kutoka hazina kuu, mshahara nao huchelewa, na mtu mwenye mkopo huanza kutozwa faini kwa kosa lisilo lake. Kipindi kimoja mishahara ilipochelewa, nilibandika tangazo kila Ijumaa la kueleza hali ilivyo, hata wiki ambayo sikuwa na habari mpya, na kila aliyetaka barua ya kumpelekea mkopeshaji wake nilimwandikia siku hiyo hiyo. Malalamiko hayakuisha, lakini watu waliendelea kuja ofisini kusema nami, na hilo lilinitosha.

Kipindi hicho ndipo muuguzi mmoja alipokutwa amelala usiku kazini. Kuna waliotaka afukuzwe. Sheria inataka mtu asikilizwe kwanza, nikamsikiliza, nikajua kwamba mchana alikuwa akifanya kibarua katika kliniki ya mtu binafsi ili alipe kodi ya nyumba. Nilimpa onyo la maandishi, kwa sababu mgonjwa angeweza kufa, na nikamwomba msimamizi amtoe zamu za usiku kwa mwezi mmoja. Kuna walioniona mkali na walioniona laini, na hadi leo sijabadili mawazo yangu kuhusu uamuzi ule.

Nimekutilia ndani ya bahasha nakala ya karatasi yetu ya safu mbili, pamoja na ile ninayotumia kufuatilia barua: tarehe iliyopokelewa, aliyeiandika, inachoomba, tarehe iliyojibiwa. Zibadilishe upendavyo, ila safu ya mwisho usiifute. Mama amekuwekea achari ya ndimu, nitaituma kwa yule dereva wa matatu ya Ukunda anayetujua. Nawe ukishakwenda wodini usiku, niandikie uniambie umewakuta wangapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi,
Somo yako wa Tudor