Wagonjwa wa saratani wakingwe hadi siku ya tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taabu ya kichefuchefu na kutapika ambayo wagonjwa wa saratani huivumilia wakiwa wamekwisha rudi nyumbani. Nilimuuguza dada yangu, aliyekuwa akisafiri kwa basi kutoka Arua hadi Kampala kwa ajili ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani. Siku ya dripu hakutapika, kwa kuwa alidungwa sindano ya kuzuia kichefuchefu. Lakini siku ya pili na ya tatu hata uji haukukaa tumboni, na vidonge tulivyopewa alivitapika pia. Kufikia duru ya nne alikataa kabisa kupanda basi, nasi ilitubidi kumbembeleza wiki nzima.

Madaktari wanakijua vyema kichefuchefu hiki kinachoanza baada ya saa 24 na kinachoweza kuendelea hadi siku ya tano. Ondansetroni, ambayo ndiyo dawa tuliyoizoea, hupungua mwilini baada ya saa chache tu, na mgonjwa asiyeweza kumeza hana namna ya kuongeza nyingine. Kwa sababu hiyo sindano ya granisetroni, dawa ya jamii moja na ondansetroni, inayoachia dawa polepole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inastahili kujadiliwa hapa kwetu. Dawa huchanganywa na polima, kitu kizito kama gundi, ikadungwa chini ya ngozi kabla ya tibakemikali pamoja na deksamethasoni, dawa nyingine inayosaidia kuzuia kutapika. Polima hiyo huyeyuka kidogo kidogo na kuitoa dawa kwa siku tano au zaidi, hivyo mgonjwa husafiri akiwa na kinga yake mwilini.

Haikosi ugumu: huhitaji friji, hudungwa taratibu, na huweza kufunga choo au kuumiza mahali ilipodungwa. Hata hivyo, naiomba Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa waichunguze, hasa kwa ajili ya wanaotoka mbali kufuata matibabu Mulago, Kampala.

Wakati tukisubiri, olanzapini, kidonge kinachojulikana zaidi katika wodi za magonjwa ya akili, imethibitika kupunguza kichefuchefu hicho hicho. Nawasihi wauguzi wamuulize kila mgonjwa anaporudi kliniki alikuwaje siku ya tatu, na jibu lake liandikwe kwenye faili kabla ya dripu nyingine kutundikwa.

Wako mwaminifu,
Muuguzaji, Arua